Kwa Nini Mtihani Hauwekwi Jumapili?

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya upili ya umma karibu na Mumias, magharibi mwa Kenya, na kazi iliyokula muda wangu kuliko zote ilikuwa kupanga ratiba. Naitaja kwanza kwa sababu karibu kila nilichojifunza kuhusu dini na mahali pake katika jamii nilijifunzia hapo, juu ya karatasi kubwa yenye mistari ya penseli, wala si kanisani nilikolelewa. Baba yangu alikuwa katekista wa Kianglikana. Nyumbani kwetu tulisali kabla ya chai, kabla ya safari na kabla ya kulala, nami nikakua nikidhani kwamba mtu hupata dini kama apatavyo jina: anaamka nayo, hakumbuki aliyempa. Nilipokabidhiwa ratiba niliamini nimepewa kazi ya hesabu tu, ya kujua masomo ni mangapi, walimu ni wangapi na vyumba ni vingapi.

Muhula wa pili wa mwaka 2013 kidato cha nne walikuwa na mtihani wa mwigo, na maabara yetu haikuchukua zaidi ya wanafunzi ishirini na wanne kwa zamu moja. Nilipiga hesabu nikaona kwamba mtihani wa kemia wa vitendo ukifanywa Jumamosi kutwa, hakuna darasa jingine litakalosumbuliwa. Nikaandika, nikabandika ubaoni, nikaridhika. Alhamisi jioni msichana mmoja alikuja ofisini, amevua sweta na kuikunja mkononi, akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia aingie.

"Mwalimu, Jumamosi sitaweza."

"Unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Ni Sabato."

Nilimwambia kwamba kanuni ni ya wote, kwamba nikimfungulia yeye mlango kesho nitakuwa na mia mlangoni, na kwamba sidhani Mungu anaweza kumkasirikia mtoto kwa ajili ya bureti na asidi kidogo. Nilijiona nimesema neno la busara; nadhani hata nilitabasamu. Aliitikia, "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Jumamosi meza yake ilikuwa imeandaliwa kama za wengine: bureti imejazwa hadi alama ya sufuri, chupa tatu za maji ya kemikali zimepangwa, karatasi yenye nambari yake imelaliwa na pipeti ili upepo usiipeperushe. Hakutokea. Jioni nilipokuwa nikikusanya karatasi, hiyo yake niliiandika sufuri kwa wino mwekundu.

Jumatatu alikuja baba yake, mkulima wa miwa, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu asiyetaka kukichosha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mistari ya Kutoka na Isaya, na majibu nilikuwa nayo. Hakutoa mstari hata mmoja.

"Mwalimu, sikuja kugombana. Nataka kuuliza tu. Juma lina siku saba. Kwa nini mtihani hauwekwi Jumapili?"

"Jumapili ni siku ya mapumziko, mzee."

"Ya nani?"

Nilimwambia nitalitazama jambo hilo, maneno ambayo kila mzazi anajua maana yake. Ila mwenzangu mmoja, mwalimu wa Hisabati na Kemia, alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao akisahihisha madaftari, na mzee alipotoka tu aliingia bila kubisha. "Jumapili mimi nipo," alisema. "Nipe ufunguo wa maabara." Alikuwepo kweli, kwa sababu hakwenda kanisani wala msikitini; alikuwa mtu asiyeamini, na hakuficha. Jumapili ile, wakati mimi nikiwa kwenye ibada, yeye alikaa na msichana mmoja katika maabara tupu na kumpa mtihani wake upya. Jumatatu nilitia sahihi kwenye daftari la funguo nikiwa na hasira, nayo haikutokana na kanuni iliyovunjwa. Nilikasirika kwamba jambo nililoliona haliwezekani lilikuwa limemgharimu yeye saa mbili na nusu za alasiri moja.

Miaka minne baadaye nilisoma kwamba swali la yule mzee lilikuwa limefika mahakamani kwa njia nyingine. Kanisa la Waadventista Wasabato lilikuwa limeishtaki wizara juu ya wanafunzi wao katika shule za umma, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao kwamba haki ya watoto hao ya kushika Sabato haikuwa imeheshimiwa. Lakini mimi sikuhitaji kungoja majaji. Ibara ya 32 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema wazi kwamba mtu hatalazimishwa kutenda jambo lisilopatana na imani yake, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa, kazi ya kukuza maisha ya kiroho huku akilinda imani za wasio wa dhehebu lake. Nakala ya Katiba ilikuwa kwenye kabati langu. Niliitumia kuegemezea mafaili.

Baada ya hapo nilianza kuisoma ratiba yangu kama anayesoma barua iliyoandikwa na mtu mwingine. Ijumaa kati ya saa sita na nusu na saa nane, wakati wa swala, nilikuwa nimeweka Hisabati vipindi viwili mfululizo, kwa hiyo wavulana Waislamu walikuwa wakichagua kila wiki kati ya imamu na mwalimu. Usafi wa mabweni ulikuwa Ijumaa jioni, na kwa Wasabato siku yao huanza jua linapozama, ambalo huku kwetu huzama karibu na saa moja kasorobo. Ibada ya Jumapili, iliyoongozwa na kasisi wa mfadhili, ilikuwa ya lazima kwa kila mwanabweni, na anayeikosa alifagia uwanja. Hakuna mahali popote kwenye karatasi ile nilipoandika neno dini. Ya kwangu niliita kawaida, na za wengine nikaziita maombi ya kupewa ruhusa.

Naomba nieleze kidogo jinsi tulivyokuwa tukibishana, maana huenda msomaji akadhani tulikuwa watu wa kununiana. Chumba chetu cha walimu kilikuwa na meza moja ndefu, na chai ya saa nne ndiyo iliyokuwa bunge. Mwalimu wa historia, mzaliwa wa Mumias na Muislamu wa kizazi cha nne, alipenda kutukumbusha kwamba misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikipiga kambi kwenye mji wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, na kwamba Nabongo mwenyewe alisilimu na kufa Muislamu mwaka 1949. Kwake yeye neno "mahali pa dini katika jamii" halikuwa na maana. "Mnaongea kama kwamba dini ni shati, mtu analivaa akienda mahali fulani," alikuwa akisema. "Dini ni namna unavyokula, unavyokopeshana, unavyooa, na unavyogawa shamba la marehemu. Sasa hiyo utaitolea kwenye mlango upi?"

Yule wa Hisabati alimjibu kwamba ndiyo sababu ya kuihofia. Alisisitiza kuwa hana ugomvi na Mungu, kwa kuwa huwezi kugombana na usiyemwona. Ugomvi wake ulikuwa na kipaza sauti. Mtu akiamini kimya kimya ni jirani mwema, ila akishapata spika mbili na jenereta anataka kijiji kizima kiwe na hofu yake. Alisema hayo kwa upole, akichovya mandazi kwenye chai, na pengine upole huo ndio uliomuudhi kasisi kuliko maneno yenyewe.

Nami nilikuwa katikati, ambako nilidhani ni mahali pa haki. Sasa najua kwamba katikati ya meza ile palikuwa kanisani kwangu. Mwaka 2010, siku zile za kura ya maoni, makasisi wetu walitufundisha kuikataa Katiba iliyopendekezwa kwa sababu ya kifungu kilichohusu uhai wa mimba na kwa sababu ya mahakama za kadhi. Waliounga mkono walikuwa na rangi ya kijani, sisi nyekundu. Mwalimu wa historia alinieleza kwa subira ya ajabu kwamba mahakama hizo hazikuwa jambo geni: zilikuwemo katika Katiba ya uhuru ya mwaka 1963, na kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wanaokubali wenyewe kupeleka shauri huko. Nilimsikiliza, nikamshukuru, na Agosti 4 nikapiga kura ya La. Theluthi mbili ya wapiga kura walisema Ndiyo, na leo, kila ninapojitetea kwa Ibara ya 32, nakumbuka kwamba ilipita bila msaada wangu.

Tulibishana hata juu ya wimbo wa taifa, ambao ni dua kuanzia neno la kwanza. Yule wa Hisabati alikuwa akisimama wima gwarideni na kufunga mdomo kwenye beti za maombi, kisha anaimba kwa nguvu panapotajwa kazi na ujenzi wa taifa. Ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa, na utangulizi wa Katiba hiyo hiyo unakiri ukuu wa Mungu aliyeumba vyote. Aliona hapo mgongano. Mwalimu wa historia aliona hekima, kwamba nchi inaweza kumtaja Mungu bila kumpa anwani. Sijawahi kuamua nani alikuwa na haki, na kila mmoja wao alikuwa na siku zake za kunishinda.

Jambo lililotugawanya kweli halikuwa Katiba, lilikuwa ng'ombe. Kila mwisho wa mwaka shule ilimchinjia kidato cha nne fahali mmoja, na kila mwaka wanafunzi Waislamu, ambao hawakuwa haba, walikula maharagwe siku hiyo ya sherehe kwa sababu mchinjaji alikuwa mpishi wetu, mtu wa kanisa la Roho. Kwa miaka kadhaa nilisema nyama ni nyama. Kisha mwalimu wa historia akapendekeza kwamba achinje Muislamu ili wote wale sahani moja. Kwenye kikao cha bodi mzazi mmoja alisimama akisema watoto wa Kikristo hawawezi kulishwa nyama iliyosomewa maneno ya dini nyingine, na wawili watatu wakapiga makofi. Yule wa Hisabati, aliyekuwa mwakilishi wa walimu, aliinua mkono na kumuuliza mzazi ananunua nyama wapi. Akataja bucha moja ya sokoni Mumias. "Na mchinjaji wa huko ni nani?" Kulikuwa na kimya, kisha kicheko kilichoanzia nyuma, na mzazi mwenyewe akacheka mwishowe, maana bucha nyingi za nchi hii, si za Mumias peke yake, huuza nyama iliyochinjwa na Muislamu, na Wakristo tumeila miaka yote bila kupata hata kiungulia. Mwaka huo fahali alichinjwa na babu wa mwanafunzi mmoja. Mpishi wetu alishika kamba, akahakikisha kila mtu anajua kwamba ameshika kamba.

Mwalimu wa historia alikuwa na nadharia yake kuhusu eneo letu, nami naikubali. Alisema watu wa magharibi hatukuwahi kupokea dini tuliyoletewa bila kuifungua na kutazama ndani. Johana Owalo alipitia Ukatoliki, Uislamu na Uanglikana kabla ya kuanzisha kanisa la Nomiya mwanzoni mwa karne iliyopita. Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Nineveh huko Vihiga mwaka 1942. Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walikuja na Legio Maria miaka ya uhuru. Na Elijah Masinde, aliyekuwa mchezaji hodari wa kandanda na mfuasi wa Kanisa la Marafiki (Quaker), alianzisha Dini ya Msambwa kule Bukusu, akawaambia watu warudie mizimu ya babu zao. Serikali ya mkoloni ilipiga marufuku Msambwa mwaka 1948, na serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Hapo mwalimu alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kuongeza, "Miaka mitano tu baada ya uhuru."

Nilikumbuka maneno hayo mwaka 2023. Nilikuwa nimestaafu na kuhamia Kisumu kwa binti yangu, na nchi nzima ilikuwa ikitazama Shakahola, kule Kilifi, ambako zaidi ya maiti 400 za wafuasi wa mhubiri mmoja zilifukuliwa msituni, wengi wao wakiwa wamekufa njaa. Serikali iliteua jopo la kutazama namna ya kuyasimamia makanisa. Nilimpigia simu mwenzangu wa Hisabati nikitarajia kumsikia akisema, "Niliwaambia!" Badala yake alipinga jopo. Alisema muuaji ashtakiwe kwa kuua, aliyewafungia watoto chakula ashtakiwe kwa hilo, sheria zipo. Lakini serikali ikishapata kalamu ya kuandika ni sala gani inafaa, mtu wa kwanza kutakiwa leseni atakuwa yeye asiyesali. "Kumbuka Msambwa," akaniambia. Kasisi wa zamani wa shule yetu, kwa upande wake, aliunga mkono usimamizi mkali kwa sababu, alivyosema, makanisa ya vibandani yamezidi. Miaka yote nilidhani ninajua kila mmoja atasimama wapi.

Huko Kisumu naishi upande ambao adhana ya Kaloleni husikika upepo ukivuma vizuri, na kanisa jipya lilikuwa limefungua hema hatua chache kutoka kwenye lango letu. Ijumaa usiku walikesha hadi alfajiri, spika zikielekezwa barabarani. Majirani waliandika barua ya malalamiko wakitaja Kanuni za Udhibiti wa Kelele za mwaka 2009, wakaniletea nitie sahihi kama mwalimu. Mmoja akasema tuongeze na msikiti, mwingine akakataa, wakaanza kuzozana mlangoni kwangu. Nilisoma barua yote, kisha nikauliza mbona kanisa langu halimo, maana Jumapili asubuhi kengele yetu na spika za kwaya husikika hadi kituo cha matatu. Walinitazama kama mtu aliyeharibu mchezo. Barua iliyopelekwa mwishowe ilitaja saa na ukubwa wa sauti bila kutaja jina la yeyote, na wazee wawili waliipeleka kwa mkono katika nyumba zote tatu za ibada. Watu wa hema walipunguza sauti baada ya saa nne usiku. Kwaya yetu, nasikitika kusema, ilichukua muda mrefu zaidi.

Nilipomsimulia hayo mwenzangu wa Hisabati alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho sikukitilia maanani. Alikuwa na kisukari cha siku nyingi, na Agosti 2024 akafa.

Kwao ni Vihiga, si mbali na Kaimosi, mahali ambapo wamisionari watatu Wamarekani wa Kanisa la Marafiki walifungua kituo mwaka 1902, na ambapo leo huwezi kutupa jiwe bila kugonga paa la kanisa. Alipenda kutania kwamba sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 700,000 wasio na dini nchini, ilhali kaunti yake yote ina watu 590,000, kwa hiyo wasioamini wanastahili gavana kabla ya Vihiga. Sasa alikuwa amerudishwa katikati ya hao 590,000. Mama yake ni wa Marafiki, shangazi zake ni wa African Israel, na mjomba mmoja alitaka mila za ukoo zifuatwe. Naye alikuwa ameacha karatasi ya miraba, iliyochanwa kwenye daftari la mazoezi, yenye maandishi yake madogo ya kuinamia upande: "Msomwe orodha ya shule nilizofundisha. Asiwepo wa kunihubiria, maana sitakuwa na nafasi ya kumjibu."

Familia iliniita nipange ratiba ya mazishi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa ratiba. Nilipanda matatu ya barabara ya Kakamega Jumatano, nikapita Kiboswa na Majengo nikiwa nimeshaamua kwamba karatasi ile ndiyo sheria. Mwalimu wa historia, aliyefika kabla yangu, alinionya. Alinikumbusha kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alidai kumzika nje ya Nairobi, akasema mumewe aliishi maisha ya kisasa na ya Kikristo, ukoo wa Umira Kager ukadai mwili, na baada ya miezi mitano ya mahakama akazikwa Nyalgunga, Siaya, kama ukoo ulivyotaka. "Sheria ya nchi hii haimpi maiti sauti kubwa," alisema. "Usianze na karatasi. Anza na mama."

Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka ukumbini. Nilimsomea karatasi pole pole, kwa Kiswahili, kisha mjukuu akarudia kwa Kilogooli. Alisikiliza yote.

"Najua," akasema. "Aliniambia hata mimi. Mwanangu hakuamini. Mimi naamini. Lakini hajiziki yeye, mwalimu. Namzika mimi."

Kwa miaka kumi nilikuwa nimejifunza kuwatetea walio wachache, nikajivunia, na sasa mchache alikuwa ndani ya sanduku na mwenye haki ya kulia alikuwa mbele yangu. Sikuwa na la kujibu. Tulizunguka jambo lile siku mbili. Mjomba alinuna, shangazi wakafua kanzu zao nyeupe na kuzianika uani ambako kila mtu aliziona. Diwani wa wadi alituma mtu kuomba dakika kumi za kusalimia watu. Hapo angalau nilikuwa na jibu, nikamwambia askofu mkuu wangu, Jackson Ole Sapit, alishawakataza wanasiasa kuhutubu ibadani tangu mwaka 2021. Alinijibu kwamba marehemu hakuwa Mwanglikana, na alisema kweli.

Aliyetutoa kwenye tope alikuwa mzee mmoja wa Marafiki, mkongwe wa kutembelea mkongojo. Alisema Marafiki wa kwanza, kule Uingereza katika karne ya 17, hawakuwa na mhubiri kabisa. Walikuwa wakikaa kimya pamoja mpaka mtu asukumwe moyoni kusema, na asiposukumwa mtu, wanaondoka. Nyimbo na wachungaji tulizozizoea huku zililetwa na hao Wamarekani wa Kaimosi. "Tukikaa kimya," akasema, "hatujamhubiria mtoto, na mama amesali." Mama alifikiri, akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi saa saba mchana nilisoma orodha ya shule sita na miaka yake. Kisha nikatangaza kimya. Watu mia nne chini ya mahema ya kukodi, kwenye viti vya plastiki, hawajazoea kukaa kimya. Wengine walidhani kipaza sauti kimeharibika. Jenereta lilizimwa. Nilisikia kuku akiparua nyuma ya jiko, turubai likijaa upepo na kulegea, mtoto akiuliza kwa sauti kama wameshamaliza. Mwalimu wa historia alikuwa amesimama pembeni, viganja vimefunguliwa mbele ya kifua, midomo ikisogea kidogo. Mama aliinama mpaka kitambaa chake kikagusa magoti. Nilitazama saa yangu: dakika tatu, kisha nne. Katika dakika ya tano, nyuma kabisa, shangazi mmoja alipiga ngoma mara moja, kama anayejaribu ngozi, akaipiga tena, na kabla sijanyanyua mkono wale wa kanzu nyeupe walikuwa wameinuka na bendera yao, wakilizunguka jeneza wakiimba. Nilimtazama mama. Hakuwazuia. Nami sikuwazuia. Sijui hadi leo kama nilimsaliti rafiki yangu, au kama yeye mwenyewe, akichovya mandazi, angesema angalau hawakuwa na spika.

Jumapili asubuhi vijana walikuwa wakishusha mahema na kuhesabu viti vya kurudishwa, nami nilikuwa jikoni na mama tukimenya ndizi kwa ajili ya wageni waliolala. Boda ilisimama langoni. Alishuka mwanamke mwenye mkoba wa begani na mfuko wa sukari, na sikumtambua mpaka alipovua sweta na kuikunja mkononi. Ni muuguzi sasa, anafanya kazi Kisumu. Alisema alitaka kuja jana lakini jana ilikuwa Sabato, na hakutaka kuja kusimama tu bila kufanya kazi yoyote. Alikwenda kaburini peke yake, akakaa huko kitambo, akarudi akaomba kisu.

Kutoka barabarani tulisikia ngoma ya African Israel ikienda kanisani, na kengele ya Marafiki nyuma yake. Mama aliinua uso.

"Wewe huendi kuabudu leo, binti yangu?"

"Nilikwenda jana, Mama."

"Na wewe, mwalimu?"

Nilichukua ndizi nyingine.